Kitanda Usichokilalia

Ni machache maneno yatumikayo katika kambi, katika vituo vya polisi na katika nyumba za askari kama neno "jikaze". Kuruta aliyechoka uwanjani huambiwa ajikaze. Mtoto aliyejikwaa huambiwa ajikaze. Mke ambaye mumewe yuko zamu ya usiku wiki nzima hujikaza bila ya kuambiwa na mtu. Neno hili ni jema, na majeshi mengi yamesimama kwa nguvu yake. Walakini upo ugonjwa mmoja ambao neno hili kwake ni sumu. Mgonjwa wake akijikaza hapati nafuu, bali huzidi kudhoofika, na pengine nguvu alizozipoteza siku ile hazimrudii tena.

Ukweli huo haukutoka kwanza katika vinywa vya mabingwa. Ulisemwa na wagonjwa wenyewe, wakabishiwa kwa miaka mingi, hata ikawalazimu kuuthibitisha kwa hesabu wakiwa wamelala vitandani. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Habari hii ni ya watu waliolala katika kitanda hicho, wakahesabu kunguni wake mmoja mmoja, wakaambiwa kwamba wanaota.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huo una majina mawili. Uingereza umezoewa kuitwa ME, kifupi cha jina refu la kidaktari lenye maana ya maumivu ya misuli pamoja na uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo. Marekani uliitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Siku hizi wataalamu wengi huyaunganisha majina yote mawili na kuandika ME/CFS.

Jina la pili limewadhulumu wagonjwa, kwa sababu kila mtu anaujua uchovu, au anadhani anaujua. Mkulima huchoka, dereva huchoka, mama aliyekesha na mtoto huchoka. Wakilala usiku mmoja au miwili huamka wazima. Uchovu wa ugonjwa huu si wa namna hiyo. Mara nyingi mambo huanza baada ya maradhi ya kuambukiza, kama vile mafua makali au homa ya tezi. Wenzake wote wanapona, yeye haponi. Hulala saa nyingi na huamka kana kwamba hakulala. Husahau maneno aliyokuwa akiyajua, na husoma ukurasa mmoja mara tatu asiambulie kitu. Akisimama kwa muda, kichwa humzunguka na moyo humwenda mbio.

Lakini alama iliyo kubwa kupita zote ni hii: akifanya kazi kidogo kupita kipimo cha mwili wake, hata kama kazi hiyo ni kuoga au kuzungumza na wageni, huanguka. Tena huenda asianguke papo hapo. Huanguka baada ya saa kadhaa au kesho yake, na hubaki katika hali hiyo siku nyingi, pengine majuma. Wataalamu wamelipima jambo hili kwa kuwapandisha wagonjwa juu ya baiskeli ya kupimia siku mbili mfululizo. Mtu mwenye afya, hata asiyezoea mazoezi, siku ya pili hutoa nguvu karibu sawa na zile za siku ya kwanza. Kwa wagonjwa wengi waliopimwa, nguvu za siku ya pili zilipungua. Huko si kutega kazi, kwa kuwa mapafu na damu havijui kutega.

WAUGUZI WA LONDON

Mnamo Julai 1955, katika Hospitali ya Royal Free mjini London, watumishi walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Waliumwa kichwa na shingo, misuli ikalegea, tezi zikavimba, na wengine wakaona vitu viwili mahali palipo na kimoja. Kutoka 25 Julai hadi 5 Oktoba hospitali ilifungwa. Watumishi 292 waliugua, wengi wao wauguzi, ilhali katika wagonjwa waliokuwa tayari wamelazwa walioshikwa walikuwa 12 tu. Daktari Melvin Ramsay, bingwa wa maradhi ya kuambukiza hospitalini hapo, aliwatazama watu hawa kwa macho yake, akaendelea kuwafuatia wale ambao hawakupona, na hakuacha kuwatetea hadi uzee wake.

Mwaka 1970, miaka 15 baada ya tukio hilo, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba jambo lile lilikuwa wazimu wa kuambukizana, hofu iliyopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Hoja yao moja ilikuwa kwamba waliougua zaidi ni wanawake. Walisoma majalada ya zamani. Wagonjwa wenyewe hawakuwapima. Hata hivyo maneno yao yalienea upesi kuliko maneno ya Ramsay, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuamini kwamba mwanamke amejitia hofu kuliko kukiri kwamba tiba haijaujua ugonjwa wake.

Madhara ya hukumu kama ile huingia hadi jikoni. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hana kitu hurudi nyumbani akiwa na mashahidi dhidi yake. Mume huuliza mbona chakula hakijapikwa, na daktari amesema mzima. Bosi huuliza mbona hayupo kazini. Hata mama mzazi huanza kushuku. Maumivu ya mwili yako pale pale, na juu yake huongezwa aibu.

Kisa cha namna hii kilitokea tena Marekani. Katika miaka ya 1984 na 1985, madaktari Paul Cheney na Daniel Peterson wa mji mdogo wa Incline Village, jimbo la Nevada, waliona watu wengi waliougua ghafla wasipone, wakaita idara ya serikali ya kuzuia maradhi, CDC. Mwaka 1988 ndipo jina la uchovu sugu lilipotangazwa. Magazeti yaliuita kwa dhihaka mafua ya vijana wenye fedha. Fedha za kuuchunguza nazo zilipata mkosi. Mwaka 1999 Mkaguzi Mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alitoa ripoti kwamba katika dola milioni 22.7 zilizoandikwa kuwa zimetumika kwa utafiti wa ugonjwa huu kati ya 1995 na 1998, milioni 8.8 zilikwenda kwenye kazi nyingine, na milioni 4.1 hazikuwa na maelezo ya kutosha. Aliyefichua jambo hilo ni William Reeves, mkuu wa utafiti ule ule ndani ya idara. Malalamiko ya wagonjwa, yaliyodhaniwa kuwa ni maneno ya watu wasioridhika, yakaonekana kuwa na mizizi katika daftari.

ASKARI WA GHUBA

Msomaji aliyevaa gwanda huenda akasema kwamba hayo ni mambo ya wauguzi na watu wa miji ya starehe. Basi na atazame habari za askari wenzake. Mwaka 1991 Marekani ilipeleka askari karibu 697,000 katika vita vya Ghuba. Baada ya kurudi kwao, maelfu walianza kulalamika: uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, kusahau, tumbo kuharibika. Hawa walikuwa watu waliopimwa afya kabla ya kuandikishwa, waliozoea mazoezi, na ambao kujikaza kulikuwa ndiyo kazi yao. Wengi waliambiwa kwamba ni mawazo ya vita.

Walikataa kunyamaza. Mwaka 1996 wizara ya ulinzi ya Marekani ilikiri kwamba ghala la Khamisiyah, nchini Iraki, lililolipuliwa na askari wake Machi 1991, lilikuwa na silaha za gesi ya sumu. Novemba 2008 kamati ya ushauri iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la nchi hiyo ilitoa ripoti ndefu. Ilisema kwamba ugonjwa ule ni wa kweli, kwamba umempata angalau askari mmoja katika kila wanne waliokwenda Ghuba, na kwamba ushahidi unaelekeza kidole kwenye vidonge walivyomezeshwa kujikinga na gesi ya sumu na kwenye dawa za kuua wadudu. Tangu vita kwisha ilikuwa imepita miaka 17. Ugonjwa wa askari hao na ule wa wauguzi wa London si kitu kimoja, ingawa dalili zake hukaribiana sana. Lakini jibu walilopewa mara ya kwanza lilikuwa moja.

PISHI ILIYOBADILISHWA

Sasa yafaa kusimulia kisa kilichowafanya wagonjwa wa ME wajulikane duniani kwa ukaidi wao mwema. Uingereza ilifanya jaribio kubwa la tiba lililoitwa PACE, likagharimu takriban pauni milioni 5 za umma. Miongoni mwa waliotoa fedha ilikuwamo wizara inayoshughulikia kazi na pensheni. Wagonjwa 641 waligawanywa katika mafungu manne. Wote walipata matibabu ya kawaida ya daktari bingwa. Fungu moja halikuongezewa kitu. La pili lilifundishwa kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zake. La tatu lilipewa tiba ya mazungumzo, yenye kusudi la kubadili mawazo ya mgonjwa juu ya maradhi yake. La nne lilipewa mazoezi ya mwili yaliyoongezwa hatua kwa hatua. Nyuma ya mafungu haya mawili ya mwisho ilikuwapo imani kwamba mgonjwa hadhoofiki tena kwa maradhi, bali kwa kuogopa kazi na kukaa bila ya kujinyoosha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la The Lancet, yakasema kwamba mazungumzo na mazoezi yamewasaidia watu wapatao sita katika kila kumi. Mwaka 2013 watafiti hao waliandika tena kwamba asilimia 22 ya waliopata tiba hizo mbili walipona. Habari hizo zilipokewa kwa furaha na watu wengi, isipokuwa wagonjwa. Wao walizisoma taarifa mstari kwa mstari. Mmoja alisoma dakika kumi kisha akapumzika saa mbili. Mwingine alisoma gizani kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Nao wakaandikiana barua kupelekeana walichokiona.

Walichokiona ni hiki. Nguvu za mwili zilipimwa kwa maswali yanayojumlishwa kutoka sifuri hadi 100. Ili mtu akubaliwe katika jaribio kuwa ni mgonjwa, ilimpasa awe na alama 65 au chini yake. Katika mpango uliochapishwa mwaka 2007, kabla ya matokeo, ilisemwa kwamba mtu atahesabiwa kuwa amepona, pamoja na masharti mengine, akifika 85. Lakini matokeo yalipotoka, alama iliyotakiwa ilikuwa imeshushwa hadi 60. Yaani mtu aliweza kuingia na alama 65, akadhoofika hadi 60, na katika kipimo hicho akahesabiwa kuwa amefika hali ya kawaida. Ni kana kwamba mgonjwa amelazwa kwa sababu homa yake imefika digrii 39, kisha akaandikwa kwamba homa imeshuka siku ilipofika 39 na nusu.

Mchuuzi wa sokoni anayebadili pishi baada ya mnunuzi kulipa huitwa kwa jina lake bila ya haya. Wagonjwa waliuliza kwa nini katika elimu jambo hilo liwe na jina la heshima zaidi.

Walitaja na mambo mengine. Majibu makuu yalitokana na mgonjwa mwenyewe kujaza fomu ya maswali, naye alijua ni tiba gani anayopewa, na katika tiba zile mbili aliambiwa kwamba atapata nafuu. Jarida dogo la jaribio, lililotumwa kwa washiriki Desemba 2008 wakati kazi ingali ikiendelea, lilichapa sifa za watu walioshukuru matibabu. Na kipimo cha miguu kilikuwa na habari yake. Wagonjwa wa fungu la mazoezi, baada ya mwaka mzima, walitembea kwa wastani mita 379 katika dakika 6. Askari aendaye mwendo wa kwata wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 75, katika dakika hizo 6 humaliza mita 540. Na hilo ndilo fungu lililotembea mbali kuliko mafungu yote.

MGONJWA ALIYEDAI HESABU

Machi 2014 mgonjwa mmoja wa Australia alikiandikia Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, kilichokuwa kikitunza takwimu za jaribio hilo. Hakutaka majina ya watu. Alitaka tarakimu tu, ili hesabu ipigwe upya kwa pishi ile ya kwanza. Chuo kilikataa. Mtu huyo alitumia sheria ya Uingereza inayompa kila mtu haki ya kuomba habari za taasisi za umma. Oktoba 2015 kamishna wa habari aliamuru takwimu zitolewe. Chuo kilikata rufaa, kikatumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili. Upande wa pili alikuwapo mtu asiyeweza kusafiri, aliyeandika utetezi wake kidogo kidogo kadiri mwili ulivyomruhusu. Agosti 2016 baraza la rufaa lilikataa hoja za chuo, na mwezi uliofuata takwimu zikatolewa.

Hesabu ilipigwa upya kwa masharti ya mpango wa mwanzo. Waliopona kwa tiba ya mazungumzo hawakuwa tena asilimia 22, bali 7. Waliopona kwa mazoezi walikuwa asilimia 4. Na wale ambao hawakuongezewa tiba yoyote walipona asilimia 3. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kutengwa na bahati.

Haki inadai upande wa pili nao usikiwe. Watafiti wa jaribio hilo wamekana kwamba walidanganya. Walieleza kwamba walibadili vipimo kabla ya kuyaona matokeo, na kwamba kamati za usimamizi ziliyakubali mabadiliko yale. Walisema pia kwamba walipata matusi na vitisho kutoka kwa baadhi ya watu, na atukanaye hana mahali pa kujitetea, hata awe mgonjwa kiasi gani. Baraza la rufaa lilichunguza hofu hiyo pia, likaona kwamba ilikuzwa kupita kiasi. Kwa hakika waliofika mbali si waliotukana, bali waliohesabu. Pamoja nao walisimama watu wasio wagonjwa: mwandishi wa habari David Tuller, aliyechapisha uchunguzi mrefu juu ya jaribio hilo Oktoba 2015, na wanasayansi 42 walioandika barua ya pamoja kwa The Lancet Februari 2016 wakiomba takwimu zikaguliwe na watu huru.

Pishi hiyo hiyo iliwapima wagonjwa wenyewe, na hapa ndipo unyofu wa mtu unapojulikana. Mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba wameona virusi vipya, vilivyoitwa XMRV, katika damu ya wagonjwa wengi wa ME. Furaha ilikuwa kubwa, kwani hatimaye chanzo kimepatikana. Maabara nyingine ziliporudia kazi hiyo hazikuona kitu. Ilidhihirika kwamba ni uchafu ulioingia maabara, na Desemba 2011 jarida la Science likaifuta makala. Kisha madaktari wa Norwei waliona wagonjwa wachache wakipata nafuu kwa dawa ya saratani iitwayo rituximab. Wakafanya jaribio la watu 151, ambalo hata daktari hakujua nani amepewa dawa na nani amepewa maji matupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: dawa haikufaa. Wagonjwa wengi walilia, lakini waliwashukuru madaktari wale kwa kupima sawasawa na kusema kweli. Asiyetaka kudanganywa kwa habari mbaya hana budi kukataa kudanganywa kwa habari njema.

YALIYOBADILIKA NA YALIYOBAKI

Kazi hiyo haikupotea. Februari 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia maelfu ya maandiko, ilitamka kwamba ugonjwa huu ni wa mwili, ni mkubwa, na kwamba kuanguka baada ya kazi ndiyo alama yake kuu. Ilikadiria wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 katika nchi hiyo, wengi wao wakiwa hawajatambuliwa na daktari. Mwaka 2017 idara ya CDC iliondoa ushauri wa mazoezi na tiba ile ya mazungumzo katika maelekezo yake. Uingereza, taasisi ya NICE inayowaelekeza madaktari, ambayo mwaka 2007 ilisifu tiba hizo mbili, ilikaa upya pamoja na wagonjwa ndani ya kamati. Maelekezo mapya yalikuwa yatoke Agosti 2021. Yakasimamishwa baada ya pingamizi za baadhi ya vyama vya madaktari. Yakatoka 29 Oktoba 2021. Mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua yasitolewe tena kama tiba, na mazungumzo yawe ya kumsaidia mgonjwa kuishi na maradhi yake, si ya kumponya. Ushahidi wa zamani ulipewa daraja ya chini au ya chini kabisa.

Lakini karatasi si tiba. Mwezi ule ule wa Oktoba 2021, kusini magharibi mwa Uingereza, mwanamke wa miaka 27 alifariki kwa kukosa lishe, baada ya ME kumdhoofisha hata asiweze kula. Uchunguzi wa kifo chake uliofanywa mwaka 2024 ulionyesha kwamba hapakuwa na vitanda maalumu vya kuwahudumia wagonjwa waliozidiwa kiasi kile, na ofisa aliyeuongoza aliziandikia mamlaka za afya kuzionya. Mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu kiutambuacho ugonjwa huu, wala dawa iuponyayo. Tumaini lililopo ni la kazi ya polepole. Agosti 2025 utafiti wa Uingereza uitwao DecodeME, ambao wagonjwa walishiriki kuupanga tangu mwanzo, ulitoa matokeo yake ya awali: katika vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 15,000 yalionekana maeneo manane yanayotofautiana na ya watu wengine, na baadhi yake yanahusu kinga ya mwili na mishipa ya fahamu.

NYUMBANI

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Nchini Uganda, watu waliookoka Ebola ya Bundibugyo ya mwaka 2007 walichunguzwa zaidi ya miaka miwili baadaye. Wengi wao walikuwa bado na maumivu ya viungo, kukosa usingizi na kusahau, kuliko jirani zao ambao hawakuugua. Na baada ya mlipuko wa Korona ulioanza mwishoni mwa 2019, watu wa kila bara wamebaki na udhaifu usiokwisha, na baadhi yao wana alama zote za ME. Maradhi yakipita huacha nyayo.

Basi ikiwa ndani ya nyumba yumo mtu ambaye uchovu haumwachi baada ya ugonjwa, la kwanza ni hospitali, wala si hukumu. Malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na Ukimwi vyote huleta ulegevu, na vyote vina dawa. Vikiondolewa hivyo, na ikaonekana kwamba mtu huanguka kila afanyapo kazi kupita kiasi, ajifunze kuuweka akiba mwili wake kama mama mwenye nyumba agawavyo mshahara mpaka mwisho wa mwezi. Afanye kidogo, apumzike kabla ya kuchoka, asitumie leo nguvu za kesho. Siku anayojisikia vyema ndiyo siku ya hatari, kwa kuwa ndipo hutaka kulipa kazi zote zilizolala. Jamaa wampunguzie kelele na mwanga, wamletee chakula karibu, na wamwandikie katika daftari alichofanya na kilichofuata. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko maneno mia.

Wapo watu wanaotega kazi. Kila mkuu wa kikosi anawajua. Lakini mtegaji hutega kazi asiyoipenda, wala haiachi ngoma, harusi na soga. Mgonjwa huyu ameyakosa yote, hata yale aliyoyapenda. Aangaliaye kwa haki ataona tofauti bila ya kuhitaji kipimo cha maabara.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee, yaani apewe tu. Habari ya wagonjwa wa ME inaongeza neno moja: uji apewe bila ya kuulizwa, lakini juu ya ugonjwa wake lazima aulizwe, na jibu lake liandikwe. Na yeyote atakayedai kwamba amemponya, awe profesa au mganga, aoneshe pishi aliyopimia, na pishi hiyo iwe ile ile aliyoitangaza kabla ya kuanza kupima.